Riziki Iliyosimama Mlangoni

Mjomba wangu, ambaye kwa zaidi ya miaka 50 amekuwa akichonga milango katika mji wa Lamu, alijeruhiwa na patasi yake mwenyewe asubuhi moja ya msimu wa Kaskazi, wala hakujua kuwa amejeruhiwa. Alikuwa ameketi chini, mwimo wa mbambakofi umelala mbele yake, naye ameukanyagia kwa unyayo ili usiteleze, kama ilivyo ada ya mafundi wa kazi hiyo. Patasi ikakwepa fundo la mti, ikapita ubavuni mwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, naye akaendelea kugonga nyundo mpaka maranda yaliyokuwa chini ya mguu wake yalipobadilika rangi. Alidhani kwanza ni wekundu wa mti. Alipouinua mguu ndipo alipoliona jeraha lenye urefu wa pingili ya kidole, limefunguka kama mdomo, na damu pembezoni imekwisha anza kuganda. Na kilichomtia hofu, kama alivyonieleza baadaye, hakikuwa ile damu, bali kule kutosikia maumivu.

Katika juma lile lile mjukuu wangu, mtoto wa miaka 7, alianguka kichochoroni akimkimbia punda, akachubuka goti juu ya jiwe la matumbawe. Alilia kwa sauti iliyowatoa majirani nje, akaoshwa, akafungwa kitambaa, na magharibi ilipoingia alikuwa amekwisha sahau. Siku ya kumi gaga lilibanduka lenyewe, na chini yake palikuwa na ngozi changa, laini, inayong'aa. Siku hiyo ya kumi kidonda cha mjomba hakikuwa kimepungua hata kwa unene wa uzi. Nami nalisema hili kwa yakini, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa nikikata kipande cha ukindu kwa urefu wa kidonda, nikakitia katika kibati cha zamani cha majani ya chai, ili macho yetu yasitudanganye kwa tamaa wala kwa kukata tamaa. Watu wawili wa damu moja, walalao chini ya dari moja, walao chungu kimoja, mmoja nyama yake imeungana kabla ya nusu ya mwezi, na mwingine nyama yake imekaa wazi kama inangoja amri isiyokuja.

Alasiri moja nilikuwa nikimsafisha kidonda dakani, bakuli la maji ya chumvi liko baina yetu na shashi mpya iko juu ya sinia, akaniuliza swali ambalo sijapata kuulizwa lililo zito kuliko hilo. Alisema, "Mwanangu, tabibu aniambia damu yangu imejaa sukari kupita kiasi, na papo hapo aniambia nyama ya mwili wangu ina njaa. Mambo haya mawili yapatanaje? Mimi nimeruzukiwa, au sikuruzukiwa?"

Nilimwomba muda. Makala haya ni jawabu langu kwake, na baadhi yake nilimpa kidogo kidogo, kila nilipofungua bandeji.

Yafaa kuanza na kiasi, kwa kuwa kiasi ndicho kitakachotusemesha hadi mwisho. Katika damu yote ya mtu mzima mwenye siha, ambayo ni kama lita 5, sukari iliyomo asubuhi kabla hajafungua kinywa hukaribia gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho kimoja, kikitumiwa na kujazwa tena pasipo kukoma, ndicho kiushikacho ubongo usizimike. Kikipungua kwa nusu, mtu hutetemeka, hutoka jasho na kuchanganyikiwa maneno. Kikiwa maradufu na kudumu hivyo miaka mingi, huharibu macho na figo na mishipa. Mfungaji wa Ramadhani, ambaye tangu daku hadi magharibi hakuonja kitu, hana kijiko pungufu: ini lake, lililoweka akiba usiku, huitoa polepole mchana kutwa, bila kuagizwa naye na bila yeye kujua. Nimefunga miaka mingi nikihesabu kuwa saumu ni kazi yangu, na nimechelewa kujua kwamba humo ndani yupo mtumishi asiyefunga, akinihudumia ili mimi nifunge.

Sasa, damu kuwa na sukari si sawa na nyama kuwa nayo. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli imezungushiwa utando mwembamba wa mafuta. Na sukari, kwa kuwa maumbile yake ni ya kupatana na maji, haiwezi kupenya mafuta hayo hata ikijazana nje mithili ya maji ya bamvua ukutani. Lazima apatikane wa kuipitisha. Wapitishaji hao ni protini zilizofumwa ndani ya utando, na kwa binadamu zimejulikana aina 14, ambazo wataalamu wamezipa nambari. Ile ya nambari 1, ambayo imejaa katika chembe nyekundu za damu na ambayo itatuhusu sana katika habari ya majeraha, ilisomwa mpangilio wake mwaka 1985, na umbo lake likaonekana waziwazi mwaka 2014, kwa kazi ya bibi mmoja mtaalamu, Nieng Yan, na wenzake katika Chuo Kikuu cha Tsinghua mjini Beijing. Ni uzi mmoja wa protini uvukao utando mara 12, ukajikunja hata ukafanya chumba kidogo katikati. Chumba hicho huwa wazi upande wa nje. Sukari huingia ikakaa. Upande wa nje hujifunga. Ndipo upande wa ndani hufunguka, na sukari ikaingia katika seli. Pande mbili haziwi wazi kwa wakati mmoja.

Nilipolifikisha neno hilo kwa mjomba alikiweka chini kikombe chake cha kahawa, akatazama huku na huku pale tulipoketi, akasema, "Hili ni daka."

Nami sina mfano bora wa kuutia badala ya wake. Asiyeijua nyumba ya mawe ya Lamu na afahamu kwamba mlango wa njiani haumwingizi mgeni ndani. Humwingiza dakani, chumba kidogo chenye viti vya mawe ubavuni, na kutoka hapo jicho halifiki uani wala kwa wenye nyumba, kwa sababu mlango wa pili umewekwa upande, haukuelekezana na wa kwanza. Mgeni hukaa, hujulikana, kisha huruhusiwa. Nyumba ambayo milango yake miwili hukaa wazi pamoja si nyumba tena, ni njia. Fauka ya hayo, sukari ikishaingia ndani ya seli hutiwa alama mara moja: kimeng'enya kimoja huibandika fosfati, na kwa alama hiyo haiwezi kutoka tena kwa mlango ilioingilia. Mlango wenyewe hauvuti wala hausukumi. Sukari hutoka penye wingi ikaenda penye uchache, na kazi yote ya mlango ni kuwa mlango.

Tuje kwenye jeraha lenyewe. Ngozi ikikatika, mishipa midogo hukatika pamoja nayo, na kwa hiyo mahali pale ambapo kazi kubwa kuliko zote inataka kufanywa ndipo pakosapo hewa ya oksijeni iletwayo na damu. Ni kama nyumba iliyobomoka ambayo njia ya kupelekea mawe na chokaa imebomoka nayo. Na mafundi wanafika: katika saa za mwanzo zafika chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, baada ya siku 2 au 3 zafika nyingine kubwa zaidi, zilazo mabaki ya vita na kuwaita wajenzi, kisha zaja seli zifumazo nyuzi za kolajeni, na seli za mishipa mipya zikichipua kutoka mishipa mizima, mpaka shimo lijae ile nyama changa nyekundu, yenye chembechembe, ambayo kila aliyeuguza kidonda huifurahia aionapo, na juu yake seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni, pande zote, kukutana katikati. Hao wote wana njaa, na wengi wao wako penye upungufu wa hewa. Chakula gani kitawafaa? Sukari, kwa kuwa sukari yaweza kuvunjwa pasipo oksijeni. Faida yake kwa njia hiyo ni ndogo, vipimo 2 tu vya nguvu kwa kila chembe moja ya sukari, ilhali penye oksijeni hupatikana kama 30. Lakini hupatikana upesi, na vipande vivunjikavyo njiani hutumiwa kujengea seli mpya. Kwa hiyo jeraha ni mlaji mkubwa wa sukari kwa kuwa ni fukara wa hewa.

Lakini seli zajuaje kuwa zahitaji kula zaidi? Hapa ndipo nilipokaa usiku kucha, kitabu kiko mapajani, na kukifunga sikuweza. Ndani ya seli hufanywa wakati wote protini fulani ambayo, maadamu oksijeni ipo, huvunjwa mara tu inapofanywa; hufanywa ikavunjwa, hufanywa ikavunjwa, mchana na usiku, kazi iliyo dhahiri kama hasara. Oksijeni ikipungua, wa kuivunja hawezi kazi yake. Protini ile husalimika, huingia katika kiini cha seli, na hapo hutoa amri nyingi, na mojawapo ya amri zake ni kwamba ifanywe milango zaidi ya nambari 1 na ipelekwe utandoni. Habari hii ilifunuliwa na Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin, na kwayo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tazama jinsi ilivyo: seli haikupelekewa ujumbe kwamba kuna upungufu, upungufu wenyewe ndio ujumbe. Hakuna sauti iliyoitwa wala mkono ulioinuliwa, ila kutokuwapo kwa kitu kumefungua njia ya kitu kingine. Wanazuoni wetu wana neno lisani hali, ulimi wa hali, wakikusudia kwamba kiumbe huomba kwa kule kuwa kwake mhitaji hata kama kinywa chake kimenyamaza. Nilikuwa nikilisikia katika mawaidha nikilidhania kuwa ni pambo la maneno. Sasa nalisadiki kwa goti la mjukuu wangu.

Hata taka za kazi hiyo hazikuachwa bure. Sukari ivunjwapo bila oksijeni huacha kitu chenye ukali, kile kile kijazacho misuli ya mpiga kasia aliyeshindana, nacho kikikusanyika jerahani huwa ishara kwa mishipa mipya kuchipua na kwa wafumaji kufuma.

Sasa niingie katika lile la mjomba, na hapa imenipasa kusahihisha kauli ambayo huwa twaisema kwa wepesi. Twasema mwenye kisukari ana sukari nyingi katika damu na njaa katika nyama. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Katika misuli na mafuta mlango ufanyao kazi kubwa ni wa nambari 4, na mlango huu haukai utandoni wakati wote. Hukaa ndani, umefungwa katika vifuko vidogo, mpaka insulini itokayo kwenye kongosho ifike nje na kugonga, ndipo vifuko hupanda juu na milango ikawekwa mahali pake. Kwa mtu kama mjomba, insulini hugonga na nyumba haisikii vizuri. Hiyo ndiyo njaa aliyoambiwa. Lakini seli nyingi za jeraha hutumia nambari 1, na huo haumngoji mgongaji. Kama ni hivyo, mbona kidonda chake hakikupona?

Hakikupona kwa sababu upande wa pili wa maradhi haya si njaa, ni gharika. Seli zilizotanda ndani ya mishipa midogo, pamoja na za neva, hazijui kuipunguza milango yao wakati sukari imezidi nje. Zipo wazi, nayo huzimiminikia, na kwa miaka mingi huzitia sumu ndani kwa ndani. Neva zikafa, ndiyo maana patasi ilipita naye hakusikia. Mishipa ikasonga, ndiyo maana mafundi wa jeraha hawakupata njia. Chembe nyeupe zikawa goigoi. Na ile ishara ya upungufu wa hewa, ambayo nimeisifu punde hivi, katika wingi wa sukari hufifia, kama sauti ya mwadhini penye kelele. Fauka ya yote, sukari iliyokaa muda mrefu nje hujigandisha yenyewe kwenye protini, pasipo fundi na pasipo amri, ikazikaza nyuzi za nyama kama kutu ikazavyo bawaba za mlango uelekeao bahari. Hujigandisha hata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120, na kwa kupima kiasi kilichogandia humo tabibu aweza kusoma hali ya mgonjwa ya miezi iliyopita, hata kama siku moja kabla ya kupimwa alijizuia asile tende.

Kwa hiyo katika mwili mmoja, kwa damu moja, baadhi ya seli hufa njaa na baadhi huzama.

Njaa hiyo katikati ya wingi ilipata kuonekana kwa uchungu zaidi kwa watoto kabla ya mwaka 1922. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alilala hospitalini Toronto, nchini Kanada, uzani wake haufiki kilo 30, damu na mkojo wake vimejaa sukari, na tiba iliyokuwapo ilikuwa ni kumnyima chakula ili kifo kichelewe. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa insulini iliyokuwa haijatakata vizuri, ikamfaa kidogo sana. Ikatakaswa upya, na tarehe 23 alidungwa tena, sukari ikashuka, na kijana akaanza kupata nguvu. Watabibu hawakumwongezea chakula. Waliongeza mgongaji wa mlango. Nami kila nikikumbuka tarehe hizo mbili huwazia watoto wote waliokufa miaka iliyotangulia, wazazi wao wakiwatazama wakikonda, na kile ambacho kingewaokoa kimejaa ndani yao.

Sasa, je, sukari ile ilikuwa riziki yao?

Katika Jauhara, kitabu cha tauhidi cha Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri, aliyefariki mwaka 1041 wa Hijra, mna mas'ala haya haya, nasi tuliyasoma ujanani bila kudhani kuwa siku moja yatatusaidia mbele ya kidonda. Jamaa wa Ashari waliona kuwa riziki ni kile ambacho kimemnufaisha kiumbe hai kwa kweli. Nafaka iliyo ghalani mwako, hata kama kufuli ni lako, ikiwa hukuila bali imeliwa na mwingine, ilikuwa riziki ya huyo mwingine tangu hapo. Jamaa wa Muutazila waliona kuwa riziki ni milki, yaani kile mtu akimilikicho kwa haki, nao walikuwa na nia njema, kwa kuwa hawakutaka isemwe kwamba Mungu ndiye aliyemruzuku mwizi mali ya wizi. Wakajibiwa kuwa kwa kauli hiyo mnyama, ambaye hamiliki kitu, angekuwa hana riziki, na wanyama wanaruzukiwa bila shaka. Nilipokuwa kijana mjadala huu niliuona kuwa ni wa maneno tu. Kumbe Muutazila angemwambia mjomba, "Sukari ni yako, imo katika damu yako, basi umeruzukiwa," na mjomba angekuwa na haki ya kumwonyesha mguu.

Jawabu la Ashari ndilo nililomwendea nalo kwanza: kilichosimama mlangoni hakijawa riziki mpaka kiingie na kufaa. Lakini nilipokwisha mweleza habari ya seli za mishipa, ambazo sukari huziingia sana na kuziua, alitikisa kichwa akasema kuwa basi kuingia nako hakutoshi. Alisema kweli. Kuingia kwaweza kuwa ndiko kuharibika. Na asali, ambayo jirani yetu mmoja alituletea katika chupa, nasi tukaitumia juu ya kidonda kwa idhini ya tabibu, ilitufundisha upande mwingine tena, maana utamu ule uliopakwa nje haukulisha seli hata moja: uliwanyonya maji vijidudu mpaka wakafa kiu. Kitu kile kile, mahali pengine, kwa kiasi kingine, ni chakula, ni sumu, ni silaha.

Basi mimi naona, na nakubali kusahihishwa na wenye elimu kuliko yangu, kwamba riziki haiko katika kitu peke yake, wala katika milki, wala hata katika kuingia, bali katika kitu kilichofika mahali pake kwa kadiri yake. Lugha yetu imetuwekea neno hili karibu sana na hatukulitazama. Twasema kadiri tukikusudia kipimo, na kadari tukikusudia majaaliwa ya Mungu, na yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Miaka mingi niliifahamu kadari kuwa ni kama hati iliyoandikwa na kutiwa sahihi, fulani atapona, fulani hatapona. Leo naifahamu zaidi kama mkono wa fundi ushikao kipimo. Aliyemuumba mjomba hakumwumbia sukari akamwachia milango ijitafutie yenyewe. Mlango ni sehemu ya zawadi, na kufungika kwake ni sehemu ya zawadi kama kufunguka kwake. Mjomba mwenyewe alilisema kwa lugha ya kazi yake: wateja huja wakausifu mlango kwa nakshi, lakini yeye huujua mlango mwema kwa jinsi majani yake mawili yanavyokutana penye mfaa, pasibaki nafasi ya kupitisha kucha.

Wenye kudhihaki kufungika huko, yaani ukomo, wangezitazama seli za saratani. Otto Warburg alionyesha mjini Berlin, miaka 100 hivi iliyopita, kwamba uvimbe wa saratani huivunja sukari kwa wingi bila kutumia oksijeni hata oksijeni inapokuwapo. Na Harold Dvorak wa Boston mwaka 1986 alieleza kwamba uvimbe huo hutumia mambo yale yale ya jeraha, ila haufiki mahali pa kusema basi. Njaa ni ile ile ya goti la mtoto. Kilichokosekana ni ukomo.

Lipo swali ambalo mtu aliyesoma vitabu vya Imamu Ghazali hawezi kulikwepa. Ghazali alishika kwamba pamba ikikutana na moto, si moto uunguzao, bali ni Mungu aumbaye kuungua pale vinapokutana. Na Ibn Rushd wa Cordoba akamjibu kuwa mwenye kuzikana sababu ameikana akili. Ikiwa Ghazali amesema kweli, insulini haifungui kitu, na mjomba angeweza kuuliza kwa nini ajidunge. Lakini Ghazali huyo huyo, alipoandika juu ya tawakuli, yaani kumtegemea Mungu, katika kitabu chake Ihyaa, alimhesabu mtu mwenye njaa akaaye mbele ya chakula bila kunyosha mkono, akidai kuwa amemtegemea Mungu, kuwa ni mwenda wazimu. Kwangu mimi sababu ni watumishi wa kweli. Mtumishi si mwenye nyumba, lakini ukimfukuza mtumishi aliyetumwa na mwenye nyumba hukumheshimu mwenye nyumba. Na kila sababu niliyoifungua katika habari hii nilikuta nyuma yake sababu nyingine inayongoja kufunguliwa, mlango baada ya mlango. Sikupata kufika mahali ambapo ningesema kuwa hapa pameishia ukarimu na pameanza mashine.

Mjomba alijidunga. Aliacha kutia sukari katika chai, jambo ambalo kwa mzee wa pwani ni jihadi ya kweli, akawa akinywa ya tangawizi tupu huku akiyatazama mahamri ya watu. Alikatazwa kukanyagia mguu ule, kwa kuwa uzito wa mwili huzisonga hata hizo njia chache zilizobaki za damu, naye akakaa dakani wiki nyingi, mguu umeinuliwa juu ya kigoda, mtu ambaye maishani mwake hakupata kukaa bila chombo mkononi. Asubuhi moja nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama kujilinda hivi si kushindana na takdiri. Nilimwambia kwamba patasi aliinoa kila asubuhi miaka 50, na hakudhania hata siku moja kuwa anashindana na mti.

Kidonda kilikaa bila kubadilika majuma 5. Katika la 6 niliona, katikati ya weupe mchafu, doa jekundu dogo lenye chembechembe, nikamwita mke wake aje alitazame, naye alilitazama kwa muda mrefu, mkono uko kinywani. Ukingo ukaanza kutambaa. Kaskazi ikaisha, mvua za masika zikanyesha zikaisha, Kusi ikashika. Na Ijumaa ya 20 nilipopiga magoti na ukindu mkononi sikuona pa kuanzia kupima, kwa kuwa palikuwa na mstari tu, wa ngozi nyembamba, ambayo tabibu ametuonya kwamba hata ikikomaa haitapata nguvu zote za ile ya asili.

Mjomba aliniomba kibati. Alivitoa vipande vya ukindu 19, akavipanga ubavu kwa ubavu juu ya mwimo ule ule wa mbambakofi, ambao doa lake la damu hakupenda lipigwe randa. 5 vya mwanzo vilikuwa sawasawa, kisha vikaanza kufupika, kwanza kwa shida, baadaye kwa haraka, hadi cha mwisho ambacho kilikuwa kama punje ya mchele. Akachukua penseli, akaifuata ncha ya kila kipande, hata mstari ukatokea juu ya ubao, ukienda sawa na kisha kuteremka. Aliutazama, akapuliza vumbi. Akavaa viatu, akafunga kamba zake, ndipo akanyosha mkono kuchukua patasi.